Wingi wa damu 9.4, na kila makala ya lishe inasema lake. Nani anahakiki haya yanayoandikwa?

Ummy wa Ngamiani (Tanga)

Habari za jioni ndugu zangu, hasa kina mama na nyie mnaojua mambo ya lishe. Naomba msaada, nimechanganyikiwa kweli.

Nina mimba ya wiki 24, ya pili. Jumatatu nilikwenda kliniki, wingi wa damu ukasoma 9.4. Mimba ya kwanza sikuwahi kushuka chini ya 11. Nesi akanipa vidonge vya kuongeza damu, akaniambia nile mboga za majani, maharage, dagaa, na maini kipande kidogo mara moja kwa wiki. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, hakuwa na muda wa kunieleza zaidi, na simlaumu.

Usiku nikashika simu. Nimefungua kurasa kumi na moja. Moja inasema maini ni sumu kwa mjamzito, yanalemaza mtoto. Nyingine inasema kula maini kila siku. Ya tatu inasema vidonge vya hospitali vinamkuza mtoto mpaka upasuliwe, achana navyo, kunywa rozela na bitiruti glasi tatu. Ya nne ina picha ya mtu kavaa koti jeupe, kipimo cha mapigo kikining'inia shingoni, na chini yake inauzwa unga wa mlonge, kopo shilingi 35,000, "unapandisha damu kwa siku saba". Wifi yangu ameshaninunulia kopo hilo kwa mapenzi yake. Liko mezani hapa ninapoandika. Nimeligeuza pande zote, halina jina la aliyelitengeneza wala tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kwa hiyo siulizi nile nini peke yake. Nauliza hivi: hawa wanaoandika habari za lishe ya wanawake wanahakikishaje kwamba ni kweli? Kuna mtu anasoma kabla haijatoka? Na mimi niliyeishia kidato cha nne nitajuaje kwamba makala hii ina mtu mwenye ujuzi nyuma yake na ile haina? Mama yangu mdogo alifariki kwa kutoka damu akijifungua. Nalichukulia jambo hili kwa uzito wote.

Baba Nuru

Pole dada. Mke wangu alikuwa na 8.9 kwenye mimba ya Nuru. Alimeza vidonge vya kliniki bila kuacha hata siku moja, mimi ndiye niliyekuwa namkumbusha kila baada ya chakula cha usiku, na alijifungua salama. Wifi yako mshukuru kwa moyo wake, lakini unga usiokuwa na jina la mtengenezaji usiunywe ukiwa na mimba.

Mhariri wa Lishe (Morogoro)

Dada Ummy, hongera kwa mimba na pole kwa usiku wa kurasa kumi na moja. Nilisomea lishe Chuo Kikuu cha Sokoine, hapa hapa Morogoro, nikawa afisa lishe wilayani kwa miaka sita, na huu ni mwaka wa tano nahariri makala za lishe ya wanawake. Tuko wanawake wanne. Nitakueleza tunavyofanya, na pale tulipokosea pia nitapataja, halafu utapima mwenyewe.

Kwanza lako la haraka. Vidonge meza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu huduma kwa wajawazito unataka kila mjamzito apate madini ya chuma miligramu 30 hadi 60 kila siku, pamoja na foliki asidi miligramu 0.4. Hiyo ni kinga hata kwa mwenye damu ya kutosha. Wewe uko chini, kwa hiyo dozi yako anaipanga aliyekupima, wala si mimi wala ukurasa wowote. Na vidonge hivi vimejaribiwa. Mwaka 2015 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia majaribio ya tiba, walikusanya majaribio 61 ya kuwapa wajawazito chuma kila siku. Wakaona kwamba waliopata chuma walipungukiwa damu mwishoni mwa mimba kwa kiwango cha chini sana, tofauti ya karibu asilimia 70. Waliojaribiwa walikuwa wanawake wenye mimba kama wewe. Nalisisitiza hilo kwa sababu nusu ya makala ninazoletewa, ukifuata chanzo chake, unakuta panya kumi na wawili, au majimaji ya jani yaliyomwagwa kwenye chupa ya maabara. Panya akiongezeka damu ni habari ya panya. Siwezi kumwandikia mama mjamzito kama ni habari yake.

Sasa kazi yetu. Makala ikiletwa naichapa kwenye karatasi na kuisoma na kalamu nyekundu mkononi. Kila sentensi inayodai jambo lolote juu ya mwili au chakula naipigia mstari. Kila mstari lazima mwandishi anionyeshe ulikotoka, na aniletee hati yenyewe, ukurasa wenyewe. "Nimeisoma mahali" siipokei. Majuzi makala moja kuhusu bitiruti ilimrudia mwandishi wake na mistari 23. Iliponirudia ilikuwa imebaki nusu, na nusu hiyo ndiyo tuliyoitoa.

Bitiruti yenyewe tuipigie hesabu, maana umeambiwa glasi tatu. Jedwali la vyakula la wizara ya kilimo ya Marekani linaipa bitiruti mbichi miligramu 0.8 za chuma kwa kila gramu 100. Mjamzito kule anaelekezwa apate miligramu 27 kwa siku. Gawanya: inabidi ale zaidi ya kilo tatu za bitiruti kila siku, na bado chuma kinachotoka kwenye mimea mwili hukinyonya kidogo kuliko cha nyama na samaki. Bitiruti ni chakula kizuri, ina foleti (jamii moja na ile foliki asidi), mimi mwenyewe naipenda na ndimu. Lakini imepewa sifa ya kuongeza damu kwa sababu ya rangi. Rozela vivyo hivyo. Naiandika kama kinywaji, siiandiki kama dawa ya damu.

Kwa vyakula vyetu tunalo jedwali la Tanzania la mwaka 2008, lililotayarishwa na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzao wa Harvard. Mle ndimo ninamotafuta kisamvu, matembele na dagaa. Mwandishi akiniletea namba za mboga ambayo haipo sokoni Mawenzi namrudisha huko.

Nikueleze na kosa langu. Mwaka wa kwanza niliandika kwamba mlonge una chuma mara 25 ya spinachi. Sikuitunga. Niliikuta kwenye vijitabu vinne tofauti, nikaona vinne vinatosha. Baada ya wiki moja akaniandikia mama mmoja ambaye kazi yake ni kukausha mlonge na kuuza. Aliandika: "Mwanangu, ndoo nzima ya majani mabichi hunipa bakuli moja la unga. Hapa umelinganisha bakuli langu na jani bichi la spinachi?" Nikakaa chini. Kweli, namba ile ilichukua unga mkavu wa mlonge ikaupima na spinachi mbichi, ambayo sehemu kubwa ni maji. Jani bichi la mlonge lenyewe karibu asilimia 79 ni maji. Ukiyakausha, kila kitu kilichobaki kinaonekana kimeongezeka, kumbe maji tu ndiyo yameondoka. Mbichi kwa mbichi, mlonge una kama miligramu 4 za chuma kwa gramu 100, spinachi kama 2.7. Mlonge umezidi, lakini mara 25 iko wapi?

Nikachukua mizani ya jikoni nikapima kijiko cha chakula cha unga ule: gramu 7. Majedwali yaleyale yanayousifia yanaupa unga mkavu kama miligramu 28 kwa gramu 100. Kwa hiyo kijiko changu kina kama miligramu 2. Kidonge cha kuongeza damu cha feras salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi miligramu 60 hivi. Hesabu mwenyewe vijiko vingapi vinafika kidonge kimoja. Ni thelathini.

Hatukuifuta makala ile kimyakimya. Tuliweka juu kabisa maandishi yanayosema tulikosea wapi, lini tumerekebisha, na nani alitutanabahisha, kwa ridhaa yake. Mama yule sasa ni mmoja wa watu wanaosoma makala zetu za mboga kabla hazijatoka. Hana cheti cha lishe. Anayajua majani.

Vile vijitabu vinne vilikuwa vimenakili kitabu kimoja. Hili si letu peke yetu. Mwaka 1981 mtaalamu wa damu wa Uingereza, T. J. Hamblin, aliandika katika jarida la tiba la BMJ kwamba sifa ya spinachi ilitokana na nukta ya desimali iliyowekwa pasipo mahali pake katika karne ya 19, chuma chake kikaonekana mara kumi. Wasomi wakakishika kisa hicho, wakakinukuu miaka na miaka kuwaonya wenzao wawe makini. Mwaka 2014 mtafiti Mnorwe, Ole Bjørn Rekdal, akaonyesha kwamba kisa cha nukta chenyewe hakikuwa na ushahidi. Waliokuwa wakionya juu ya kunakili bila kuhakiki nao walikuwa wamenakili bila kuhakiki. Tangu nisome habari hiyo siridhiki na idadi ya wanaosema jambo. Nauliza wa kwanza kulisema ni nani na alipima nini.

Jingine ni pesa, na hapa nakuomba ukae macho zaidi ya popote. Anayekueleza ugonjwa wako na anayekuuzia dawa yake wakiwa mtu mmoja kwenye ukurasa mmoja, ondoka. Dunia ililijua hili zamani kwa maziwa ya kopo: mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia uuzaji holela wa maziwa mbadala, pamoja na kuwapa kina mama sampuli za bure. Unga wa damu hauna kanuni maarufu kama hizo, lakini mbinu ni zilezile: picha ya mtoto mnono, koti jeupe, siku saba. Sisi tuliwahi kuletewa fedha na muuzaji wa unga wa namna hiyo, fedha ambazo zingelipa mwaka mzima wa gharama zetu. Alitaka makala tatu tu, na jina lake lisionekane. Tulikaa wote wanne sebuleni kwangu tukakataa. Wanaotuchangia tunawaandika kwa majina, na hawasomi makala kabla ya msomaji.

Mihuri nayo. Utakuta muhuri wa HON (Health On the Net), wa kuthibitisha kurasa za afya. Ulikuwa wa taasisi ya Geneva iliyoanza miaka ya 1990 na ilikuwa na masharti manane ya maana kabisa. Taasisi ile ilifunga kazi mwaka 2022. Anayeuonyesha leo anakuonyesha cheti ambacho hakuna anayekisimamia.

Na tarehe. Sisi tunaweka mbili, siku ilipoandikwa na siku ilipopitiwa mara ya mwisho. Mfano ni namba yako wewe. Kwa miaka mingi mstari wa upungufu wa damu kwa mjamzito ulikuwa 11, miezi yote. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: miezi mitatu ya kati, ndiyo uliyomo, mstari ni 10.5. Makala isiyopitiwa itamtia hofu mama mwenye 10.7. Wewe kwa 9.4 uko chini ya mistari yote miwili, usibabaike hapo.

Fanya hivi kesho. Chukua ule ukurasa wa koti jeupe, tafuta jina kamili la huyo mtu, kazi yake, na mahali alipo. Ukipata jina, litafute peke yake, mbali na ukurasa ule. Kisha angalia kama kuna mahali popote wanaposema "hapa tulikosea". Mimi ukurasa wa afya usiokosea hata mara moja siuamini.

Mkazi wa Voi

Hapo kwa jina niongeze kidogo. Huku Kenya tuko na sheria ya wataalamu wa lishe ya mwaka 2007, na taasisi yao inasajili na kutoa leseni kwa kila mmoja. Mtu akiniambia yeye ni mtaalamu wa lishe namuuliza namba yake ya usajili, naenda kuitafuta kwenye orodha. Nilimfanyia hivyo bwana mmoja aliyekuwa akimwuzia dada yangu maji ya kusafisha mwili baada ya uzazi. Alininyamazia siku hiyo hiyo. Dada Ummy, usione haya kuuliza. Mwenye leseni huwa hakasiriki.

Ukhti wa Leicester

Assalamu alaykum. Nimesoma habari ya maini nikaona niseme, kwa sababu huenda mimi ni mmoja wa wale wanaosambaza huo ujumbe wa "maini ni sumu". Nilipokuwa na mimba hapa Uingereza mkunga wangu aliniambia waziwazi nisile maini kabisa. Huduma ya afya ya hapa ndivyo inavyoandika, kwamba maini yana vitamini A nyingi mno na yanaweza kumdhuru mtoto. Nikawatumia ndugu zangu wa Tanga na Mombasa. Sasa nesi wa Ummy anasema kipande mara moja kwa wiki. Dada mhariri, nani kakosea? Nisije nikawa nimewakosesha watu chakula.

Mhariri wa Lishe (Morogoro)

Wa alaykum salaam ukhti. Hapana aliyekosea, wanaongea na wanawake wawili tofauti. Gramu 100 za maini ya ng'ombe zina vitamini A kama maikrogramu 5,000. Kiwango cha juu ambacho mtu mzima hashauriwi kukizidisha kila siku ni 3,000. Kwa hiyo sahani ya maini kila siku, hasa miezi mitatu ya mwanzo viungo vya mtoto vinapoumbika, ni hatari kweli, na yule aliyeandika "kula maini kila siku" amwogope Mungu. Mwanamke wa Leicester ana nyama dukani, ana vidonge vya vitamini kabatini. Ukimwambia aache maini hapungukiwi. Mwanamke wa huku mwenye 9.4, ambaye nyama anaiona Ijumaa, kipande kidogo mara moja kwa wiki ni chuma na foleti ambavyo havipati kwingine kwa urahisi. Nesi amempa kiasi na amempa muda. Ujumbe wa simu ulifika Tanga bila kiasi, bila muda, bila kutaja uliandikwa kwa ajili ya nani.

Tulipoandika makala ya maini ilituchukua wiki tatu kwa sababu ya sentensi moja hiyo. Mwisho tukaandika kiasi, tukaandika usichanganye na vidonge vingine vyenye vitamini A, na tukaandika muulize mkunga wako kabla. Wapo waliotulalamikia kwamba tunazungukazunguka. Ningeizungusha tena.

Bibi Mkunga (Muheza)

Wanangu, mie nimestaafu, nimezalisha miaka 34. Mjukuu ndiye anaandika, mimi nasema.

Ummy, hayo ya vitabu umeshaelezwa vizuri. Nakuuliza ambayo hayamo kwenye kurasa zako kumi na moja. Vidonge unavimeza na nini? Maana watu wa Tanga tunakunywa chai. Asubuhi chai ya rangi na maandazi, mchana baada ya wali chai, jioni chai. Chai ikikutana na chuma tumboni inakishika, hakipiti. Ukivimeza na chai umevitupa. Meza na maji, ukiwa na chungwa au pera au maji ya ubuyu ni bora zaidi, hayo yanakisaidia kupita. Chai iache isogee saa moja au mbili mbali na chakula na mbali na kidonge. Maziwa pia usimezee. Tumbo likikuchafuka meza usiku baada ya kula, ulale nacho. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke, ni chuma. Kikiwa kigumu, kunywa maji mengi na kula papai. Wengi niliowaona wanaacha vidonge waliacha kwa hayo, lakini mdomoni wanasema mtoto atakuwa mkubwa. Mtoto hakuzwi na vidonge vya damu. Niliowaona wakizaa watoto wakubwa kupita kiasi wengi walikuwa na sukari.

La pili. Unakula udongo? Niambie kweli, sikugombezi. Zile pemba zinazouzwa sokoni kwa vifungu. Mwanamke akipungukiwa damu anatamani udongo, na udongo nao unakishika kile kile chuma kidogo alichokula kisiingie mwilini. Tena unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Ukitamani, mwambie nesi, usijifiche.

La tatu, chakula si kila kitu. Damu inaliwa na malaria na minyoo pia. Dawa ya kuzuia malaria ya kliniki umemeza? Ya minyoo je? Chandarua unalalia? Ukisikia moyo unakwenda mbio umekaa, pumzi inakata ukipanda ngazi mbili, kizunguzungu, usisubiri tarehe ya kadi. Nenda siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa mama yako mdogo alifariki kwa damu, hilo liandikwe kwenye kadi yako, na ukajifungulie hospitali yenye damu ya kuongeza. Usizalie nyumbani hata uchungu ukiwa mwepesi.

Ummy wa Ngamiani (Tanga)

Shikamoo bibi. Nimekusoma nikalia, kwa sababu udongo nakula. Tangu mwezi wa nne wa mimba. Nanunua vifungu viwili kwa siku na mume wangu hajui. Vidonge navyo nilikuwa namezea chai ya asubuhi kila siku, tena ya rangi nzito. Hakuna hata ukurasa mmoja kati ya ile kumi na moja ulioniuliza.

Dada mhariri, nimefanya ulivyoniambia. Ukurasa wa koti jeupe una jina moja tu, "Dokta" na jina la kwanza, hauna kazi wala mji. Nilitafuta ile picha, nikaikuta kwenye matangazo ya miwani ya nchi nyingine kabisa, mtu yuleyule, koti lilelile. Tarehe hakuna. Nikawaandikia kuuliza kopo lina chuma miligramu ngapi. Wamenijibu ndani ya dakika mbili: "Tuma namba ya simu tukuletee mama, ofa inaisha leo." Nimeuliza mara ya pili, jibu lilelile.

Ukurasa mwingine, uliosema maini ni sumu, nimeusoma taratibu leo. Chini kabisa umeandika ni kwa wanawake wanaoishi Uingereza. Nilikuwa sijafika chini.

Bibi Mkunga (Muheza)

Marahaba mwanangu. Hujawa wa kwanza kula udongo wala hutakuwa wa mwisho. Punguza kifungu kimoja leo, kesho nusu. Mkononi weka karanga au kipande cha embe bichi, kile kinywa kinachotaka kutafuna kipate cha kutafuna. Na mume mwambie usiku huu. Yule Baba Nuru alimkumbusha wake, wako naye atakukumbusha.

Baba Nuru

Mwambie kweli dada. Mimi niliweka alamu kwenye simu yangu, si ya mke wangu. Saa mbili na nusu usiku inalia popote nilipo.

Mhariri wa Lishe (Morogoro)

Ummy, bibi, nimesoma makala yetu ya upungufu wa damu upya baada ya haya. Tumeandika aya nne za vyakula. Chai imepata nusu sentensi, mwishoni. Udongo haumo kabisa, na sisi wote wanne ni wanawake, wawili tumewahi kuula. Makala naiondoa kwa siku chache. Bibi, kama utaridhia, nitampigia mjukuu wako nikusomee aya kwa aya kabla haijarudi.

Bibi Mkunga (Muheza)

Piga baada ya alasiri, asubuhi nipo shamba.

Ummy wa Ngamiani (Tanga)

Nimemwambia. Alinyamaza kidogo, akaenda jikoni akarudi na glasi ya maji na chungwa. Wifi naye nimemweleza, kwa upole, hakukasirika. Kopo amelichukua alirudishe alikolinunua na kuwauliza mtengenezaji ni nani. Nesi amenipangia kipimo kingine baada ya wiki nne. Nitarudi hapa niandike namba, iwe imepanda au haikupanda.